Mabao 75 ya Sándor Kocsis: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha orodha ya wafungaji bora wa fainali za Kombe la Dunia tangu mwaka 1930. Jina lililoleta barua nyingi kuliko mengine yote ni la Sándor Kocsis wa Hungaria, aliyefunga mabao 11 katika fainali za mwaka 1954 nchini Uswisi. Baadhi ya wasomaji walitaka kumfahamu zaidi, na wengine hawakuyaamini hayo mabao 11 hata kidogo. Tumeamua kuitenga safu nzima ya toleo hili kwa ajili yake.

Swali (Msomaji, Tanga): Mhariri, naona timu ya Kocsis iliifunga Korea Kusini mabao 9-0 na Ujerumani Magharibi mabao 8-3. Kwa matokeo ya namna hiyo hata beki angeweza kuwa mfungaji bora. Je, si haki kusema kwamba takwimu za mtu huyu zilipambwa na udhaifu wa wapinzani wake?

Jibu: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi kwa mechi mbili za kwanza, na hatutaificha. Wakorea walifika Uswisi wakiwa wamechoka mno kwa safari, wakaingia uwanjani bila maandalizi ya maana, na Kocsis akawafunga mabao 3. Ujerumani Magharibi nayo haikupanga kikosi chake kamili, kwa sababu kocha Sepp Herberger alikuwa tayari ameifunga Uturuki 4-1, na kwa kanuni za mwaka ule alijua kwamba hata akipoteza kwa Hungaria angepata nafasi ya kurudiana na Waturuki hao na kusonga mbele. Aliwapumzisha wachezaji wake kadhaa, na Kocsis akafunga mabao 4. Hayo ni mabao 7 kati ya 11, na msomaji mwenye shaka ana ruhusa ya kuyapunguzia thamani kadiri apendavyo.

Yanabaki mabao 4, na hayo ndiyo yanayotufanya tumtetee. Katika robo fainali Hungaria ilikutana na Brazili mjini Berne tarehe 27 Juni, bila nahodha wake Ferenc Puskás, ambaye alikuwa ameumizwa kifundo cha mguu katika ile mechi ya Wajerumani. Ilikuwa mechi ya vurugu kiasi kwamba wachezaji watatu walitolewa nje, mmoja wa Hungaria na wawili wa Brazili, na ugomvi ukaendelea hadi vyumba vya kubadilishia nguo. Kocsis alifunga bao la pili la timu yake mapema katika dakika ya 7, kisha, Brazili ilipokuwa imerudisha mawili na ikitafuta la kusawazisha, akafunga la nne dakika ya 88 na kuizima.

Siku 3 baadaye, mjini Lausanne, wakacheza nusu fainali dhidi ya Uruguay. Hapa inafaa kukumbuka kwamba Uruguay ilikuwa bingwa mtetezi, ilikuwa imetwaa kombe mwaka 1930 na 1950, mara zote mbili iliposhiriki, na haikuwa imewahi kupoteza mechi hata moja ya fainali za Kombe la Dunia. Hungaria ilitangulia kwa mabao 2-0, lakini Juan Hohberg akayarudisha yote mawili katika robo saa ya mwisho, na mechi ikaingia muda wa nyongeza. Puskás hakuwapo safari hii pia. Dakika ya 111 Kocsis alifunga kwa kichwa, na dakika ya 116 akafunga tena kwa kichwa. Hivyo ndivyo Uruguay ilivyopoteza kwa mara ya kwanza, na sisi hatuoni udhaifu wa wapinzani uko wapi katika mabao hayo.

Swali (Msomaji, Bukoba): Je, rekodi ya mabao 11 ilivunjwa na nani?

Jibu: Just Fontaine wa Ufaransa, aliyefunga 13 nchini Uswidi mwaka 1958, na rekodi yake haijavunjwa mpaka leo. Tangu hapo aliyewakaribia ni Gerd Müller wa Ujerumani Magharibi kwa mabao 10 mwaka 1970. Lakini Kocsis anabaki mtu wa kwanza kufunga mabao matatu au zaidi katika mechi mbili za fainali za Kombe la Dunia, na alihitaji mechi mbili tu kulifanya hilo.

Swali (Msomaji, Mombasa): Nimesoma kwamba aliitwa Kichwa cha Dhahabu. Ningependa kujua alikuwa mrefu kiasi gani, na kama alijua kitu kingine chochote zaidi ya kupiga vichwa.

Jibu: Asante sana kwa swali hili, kwa sababu jina hilo la sifa limemdhulumu kwa kiasi fulani. Kocsis hakuwa pandikizi la mtu. Kimo chake kilikuwa kama sentimita 177, yaani mtu wa kawaida kabisa, na mabeki wengi aliowaruka walikuwa warefu kumliko. Silaha yake ilikuwa muda. Alianza kukimbia akiwa mbali na eneo ambalo krosi ingefikia, akaruka kabla ya beki kukata shauri, na alipoufikia mpira alikuwa bado na nafasi ya kugeuza shingo na kuuelekeza alikotaka, wakati beki ndiyo kwanza anaondoka ardhini. Kwa miguu pia alifunga mengi, na pasi zake fupi zilisifiwa na wachezaji wenzake.

Hata hivyo, anayetaka kuelewa wingi wa mabao yake asiishie kwenye kipaji chake peke yake, bali auangalie mfumo wa timu. Kocha Gusztáv Sebes aliijenga timu ya taifa ya Hungaria kwa namna iliyowachanganya mabeki wa enzi hizo. Katika mfumo uliozoeleka Ulaya, beki wa kati alimkaba mshambuliaji wa kati mwenye jezi namba 9 popote alipokwenda. Hungaria ikampa jezi hiyo Nándor Hidegkuti, kisha Hidegkuti akarudi nyuma kucheza karibu na viungo. Beki wa kati akabaki na mambo mawili, yote mabaya: akimfuata Hidegkuti, anaacha shimo mbele ya golikipa wake, asipomfuata, Hidegkuti anapokea mpira bila bughudha na kugawa pasi atakavyo. Katika shimo hilo ndimo walimoingia watu wawili waliocheza ndani ya mawinga, yaani Puskás upande wa kushoto na Kocsis, mwenye jezi namba 8, upande wa kulia.

Kwa hiyo Kocsis, ingawa kwa jina alikuwa mshambuliaji wa ndani, kwa kazi yeye ndiye aliyekuwa mbele kabisa. Upande wake alikuwa na winga László Budai, ambaye walikuwa pamoja tangu ujana wao katika klabu ya Ferencváros, na ambaye alijua bila kutazama ni sekunde gani mwenzake angekuwa hewani. Nyuma yao alisimama József Bozsik, kiungo aliyeweza kutuma pasi ndefu hadi mguuni mwa mtu. Mfungaji aliyepata huduma ya namna hiyo angelaumiwa sana kama asingefunga, lakini tukumbuke kwamba wengine pia waliipata huduma hiyo hiyo, na hakuna aliyefunga kwa kasi yake.

Jambo moja huwashangaza wengi. Katika mechi maarufu kuliko zote za timu hiyo, ile ya Wembley ya tarehe 25 Novemba 1953, ambapo Hungaria iliifunga Uingereza mabao 6-3, Kocsis hakufunga hata bao moja. Hidegkuti alifunga 3, Puskás 2 na Bozsik 1. Waingereza waliporudiana nao mjini Budapest miezi sita baadaye na kufungwa 7-1, Kocsis alifunga mawili. Lakini dunia ilikuwa imekwisha kuiandika Wembley katika kumbukumbu zake, na tunadhani umaarufu wake ulianza kupungua siku ile ile ambayo timu yake ilipata umaarufu mkubwa kuliko zote.

Swali (Msomaji, Dodoma): Kama alikuwa hodari namna hiyo, alikuwa wapi siku ya fainali ya mwaka 1954? Wajerumani waliofungwa 8-3 waliwezaje kushinda 3-2?

Jibu: Alikuwa uwanjani Wankdorf, Berne, tarehe 4 Julai, akacheza dakika zote 90, na hakufunga. Hiyo ndiyo mechi pekee ya fainali hizo ambayo alitoka bila bao. Puskás, ambaye kifundo chake kilikuwa hakijapona vizuri, alirudishwa kikosini na akafunga dakika ya 6. Zoltán Czibor akafunga la pili dakika ya 8. Na watu wakaanza kuhesabu. Wajerumani, safari hii na kikosi kamili, walisawazisha kabla ya dakika 20 kwisha, kupitia Max Morlock na Helmut Rahn.

Kipindi cha pili Hungaria ilishambulia karibu muda wote katika mvua na tope. Kocsis aliupiga mpira wa kichwa ukagonga mtambaa wa panya, Hidegkuti alikuwa amegonga mlingoti tangu kipindi cha kwanza, na golikipa Toni Turek akaokoa mipira ambayo pengine siku nyingine ingemshinda. Dakika ya 84 Rahn akafunga la tatu. Puskás alisawazisha mwishoni, bao likakataliwa kwa kuotea, na mjadala juu ya uamuzi huo haujakwisha hadi leo.

Wengi hulitaja tope na viatu vya Wajerumani, ambavyo njumu zake ziliweza kubadilishwa. Sisi tunaona sababu nyingine inayosahaulika. Tarehe 30 Juni, wakati Hungaria ilipokuwa ikikimbia dakika 120 dhidi ya bingwa wa dunia mjini Lausanne, Ujerumani ilikuwa ikiifunga Austria 6-1 kwa raha zake. Siku 4 za mapumziko hazikutosha kuufuta uchovu wa mechi mbili kama zile za Brazili na Uruguay, tena katika enzi ambayo mchezaji aliyeumia au kuchoka hakuweza kubadilishwa. Timu ambayo haikuwa imefungwa katika mechi rasmi ya kimataifa tangu Mei 1950 ilipoteza siku moja, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa na kombe.

Swali (Msomaji, Nairobi): Takwimu zinaonyesha kwamba aliichezea nchi yake kati ya mwaka 1948 na 1956 tu. Aliacha akiwa na umri wa miaka 27. Je, aliumia?

Jibu: Hakuumia. Siasa ndiyo iliyomwondoa, na kwa kuwa jambo hili ndilo linaloigawa maisha yake ya soka katika vipande viwili, tunaomba uvumilivu wako, maana jibu litakuwa refu.

Kocsis alizaliwa Budapest tarehe 21 Septemba 1929. Akiwa kijana mdogo alijiunga na Ferencváros, klabu iliyopendwa sana na wafanyakazi wa jiji hilo, na katika msimu wa 1948/49 alikuwa miongoni mwa washambuliaji wa timu iliyotwaa ubingwa kwa kufunga mabao 140 ya ligi. Yeye alifunga zaidi ya 30, lakini hakuwa hata wa kwanza katika timu yake, kwa sababu Ferenc Deák alifunga 59. Timu ya taifa ilikuwa imekwisha kumwita mwezi Juni 1948, kabla hajatimiza miaka 19, akaanza kwa mabao mawili katika ushindi wa 9-0 dhidi ya Romania.

Serikali ya kikomunisti ilipoamua kuikusanya nguvu ya soka la nchi mahali pamoja, klabu ya Kispest iliwekwa chini ya jeshi na kupewa jina la Honvéd. Kwa kuwa jeshi lilikuwa na uwezo wa kumwita kijana yeyote kulitumikia, klabu haikuhitaji kununua wachezaji: iliwaita. Kocsis na Budai walihama kutoka Ferencváros mwaka 1950 kwa njia hiyo, wakawakuta Puskás na Bozsik. Walikuwa na vyeo vya kijeshi, lakini kazi yao ilikuwa mpira. Akiwa Honvéd, Kocsis alikuwa mfungaji bora wa ligi mwaka 1951, 1952 na 1954, na mwaka 1952 alirudi kutoka Helsinki na medali ya dhahabu ya Olimpiki, baada ya kufunga mabao 6 katika mashindano hayo.

Tarehe 23 Oktoba 1956 wananchi wa Budapest waliinuka dhidi ya serikali, na tarehe 4 Novemba vifaru vya Umoja wa Kisovyeti vikaingia kuizima harakati hiyo. Honvéd ilikuwa na mechi ya Kombe la Ulaya, yaani mashindano ya klabu bingwa za Ulaya, dhidi ya Athletic Bilbao. Ilipoteza 3-2 kule Hispania mwezi Novemba, na mechi ya marudiano haikuweza kuchezwa Budapest, ikapelekwa Brussels tarehe 20 Desemba. Huko golikipa wa Honvéd aliumia, na winga Czibor akalazimika kukaa golini. Matokeo yakawa 3-3, na Bilbao ikapita.

Badala ya kurejea nyumbani, timu ilisafiri kwenda Amerika Kusini kucheza mechi za kirafiki, wakati chama cha soka cha Hungaria na FIFA vilikuwa vimeikataza ziara hiyo. Baada ya ziara kila mchezaji alilazimika kuamua. Bozsik alirudi Budapest na kuendelea kucheza. Puskás, Czibor na Kocsis hawakurudi, wakafungiwa kucheza kwa muda. Tangu hapo hapakuwa na njia ya Kocsis kuivaa tena jezi ya Hungaria, na ndiyo maana hesabu yake iligota kwenye mabao 75 katika mechi 68.

Alikaa kwanza Zürich katika klabu ya Young Fellows. Mwaka 1958 László Kubala, mzaliwa mwenzake wa Budapest aliyekuwa nyota wa Barcelona kwa miaka mingi, alisaidia kumpeleka huko pamoja na Czibor. Wengi huitazama miaka hii kama ya uzeeni, lakini sisi hatukubaliani nao. Alitwaa ubingwa wa Hispania mwaka 1959 na 1960, na katika ligi alifunga mabao 42 kwa mechi 75. Mwezi Machi 1960 Barcelona ilikwenda kwa Wolverhampton Wanderers, bingwa wa Uingereza, ikashinda 5-2, na mabao 4 yalikuwa ya Kocsis. Msimu uliofuata Barcelona ikawa timu ya kwanza kuitoa Real Madrid katika Kombe la Ulaya, kisha katika nusu fainali dhidi ya Hamburg, ikiwa imebaki dakika moja kutolewa, Kocsis akafunga kwa kichwa na kuilazimisha mechi ya tatu, ambayo Barcelona ilishinda.

Fainali ikapangwa Berne, katika uwanja ule ule wa Wankdorf, tarehe 31 Mei 1961, dhidi ya Benfica ya Ureno. Kocsis alifunga la kwanza kwa kichwa. Benfica ikajibu kwa mabao matatu. La kwanza lilifungwa na nahodha José Águas, mzaliwa wa Angola, la pili Barcelona ilijifunga yenyewe, na la tatu lilipigwa kwa mbali na Mário Coluna, mzaliwa wa jirani zetu Msumbiji. Mipira ya Barcelona iligonga milingoti mara kadhaa, Czibor akapunguza pengo, na mechi ikaisha 3-2, matokeo yale yale ya mwaka 1954. Hatujui mchezaji mwingine aliyefunga katika fainali mbili za uwanja mmoja na kupata malipo mabaya kama Czibor. Kocsis walau alifunga katika moja.

Aliacha kucheza katikati ya miaka ya 1960, akabaki Barcelona, akafungua mgahawa na kufundisha timu kwa muda, ikiwemo Hércules ya Alicante. Aliugua saratani, akafariki tarehe 22 Julai 1979 baada ya kuanguka kutoka ghorofani katika hospitali ya jiji hilo. Alikuwa na miaka 49. Mwaka 2012 mabaki yake yalihamishiwa Budapest, katika kanisa la Mtakatifu Stefano, alikozikwa pia Puskás.

Swali (Msomaji, Zanzibar): FIFA ina tuzo ya bao bora la mwaka yenye jina la Puskás. Mbona hakuna inayobeba jina la Kocsis? Na wewe Mhariri, ungemchagua nani kati yao?

Jibu: Puskás alikuwa nahodha, na hilo peke yake lina uzito. Pia alipata maisha ya pili makubwa kuliko ya mwenzake: akiwa Real Madrid alifunga mabao 4 katika fainali moja ya Kombe la Ulaya mwaka 1960, akawa mfungaji bora wa ligi ya Hispania mara 4, kisha kama kocha akaifikisha Panathinaikos ya Ugiriki kwenye fainali ya Kombe la Ulaya mwaka 1971. Aliishi hadi mwaka 2006, akarudi nyumbani na kupokewa kwa heshima zote. Kocsis hakuyaona mabadiliko ya utawala nchini mwake, na alikuwa mtu mkimya ambaye waandishi hawakumfuata sana. Tuzo ilipoanzishwa mwaka 2009, hakuna aliyeshangaa jina lilikokwenda, na hatuna ugomvi na uamuzi huo.

Kuhusu uchaguzi wetu, tutagawa jibu. Kama tunatafuta mchezaji wa kuiongoza timu, kupanga mashambulizi na kupiga faulo za mbali, tunamchukua Puskás bila kusita. Kama mechi iko 2-2, muda wa nyongeza umeanza, mpira uko kwa winga wa kulia na anatafutwa mtu mmoja tu wa kuwa ndani ya eneo la hatari, tunamchukua Kocsis. Puskás alifunga mabao 84 kwa mechi 85 za Hungaria, karibu bao moja kwa kila mechi. Kocsis alizidi bao moja kwa kila mechi, na wastani wake uko juu kidogo hata ya ule wa Gerd Müller, aliyefunga 68 kwa mechi 62. Fontaine anawapita wote wawili kwa mabao 30 katika mechi 21, lakini mechi 21 ni chini ya theluthi ya zile alizocheza Kocsis.